Shuka Arobaini na Moja

Njiti ya kwanza ya kiberiti iliwekwa juu ya dawati kabla msemaji hajamaliza sentensi yake ya pili. Njiti ya tatu ilipowekwa, Mama Aya aliiona kwa pembe ya jicho, akadhani fundi aliyekaa pembeni yao anacheza tu. Ilipofika ya saba hakuona tena kitu, kwani alikuwa amekwisha kumshika msemaji mikono yote miwili, amefumba macho, na anasema kwa sauti yake nzito ya maombi, "Tuombe."

"Amina," alijibu msemaji, na maombi hata hayajaanza.

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mama Aya akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamshwa garini asijue amefika wapi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika darasa la chekechea ambalo makanisa manne ya mtaa ule yalikuwa yameliazima kwa mafunzo ya washauri wao. Watu wazima kumi na wawili walikuwa wamekalia viti vya watoto wa miaka mitano, magoti yamewafika kifuani. Ukutani kulikuwa na picha za wanyama na herufi kubwa za rangi. Utaratibu wa mafunzo ulikuwa huu: watu wanakaa watatu watatu. Mmoja anasema jambo lake dogo la kweli linalomsumbua. Wa pili anasikiliza. Wa tatu anatazama, na kila msikilizaji anapomkatiza mwenzake, au kumpa ushauri, au kumchomekea aya ya Biblia, mtazamaji anaweka njiti moja mezani.

Mtazamaji wa kundi la Mama Aya alikuwa fundi magari mmoja, mzee wa kanisa la jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana. Mikono yake sabuni ilikuwa imeikatia tamaa siku nyingi.

"Ngapi, Fundi?" aliuliza mkufunzi.

"Kumi na moja," alisema Spana. "Kwa dakika tano. Na ile ya 'Tuombe' nimeihesabu moja tu, kwa heshima."

Mkufunzi alikuwa mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na watu walimwita hivyohivyo, Mkunga. Alikuwa amekaa miaka thelathini katika wodi ya wazazi. Hakuwa mtu wa haraka.

"Lakini, Mkunga," alisema Mama Aya, masikio yakimchemka, "mwenzangu ameanza kulengwalengwa na machozi. Nimwache hivihivi? Mimi ni mshauri wa Kikristo. Nisipomwombea mimi, amwombee nani?"

"Muulize mwenyewe. Si huyo hapo?"

Msemaji alikuwa mwalimu wa darasa lilelile la chekechea, mwanamke mpole, mwembamba. Aliinamisha kichwa, akawa anachezea ukingo wa kitambaa chake.

"Usikasirike, dada yangu," alisema. "Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Nilisema tu kwamba dada yangu hapokei simu zangu. Kwenye sababu sikufika." Akakiachia kitambaa. "Ulivyosema tuombe, nikajua basi, tumemaliza."

Mama Aya alishusha macho. Alikuwa mshauri wa kanisa lake kwa miaka kumi na moja. Wiki nzima alifua shuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na jioni watu walimjia na mambo ya ndoa, ya watoto, ya misiba. Jina la Mama Aya alipewa kwa sababu hakuna jambo lililokosa aya kwake. Hata jino likikuuma angekutafutia. Na jina lenyewe alilipenda, alilivaa kama nguo ya sikukuu. Sasa aliziangalia zile njiti kumi na moja zilivyopangwa, akaona haya.

Kabla ya kuwaruhusu, Mkunga aligawa karatasi. Juu iliandikwa *Nusu Saa ya Nyumbani*.

"Mna wiki mbili," alisema. "Kila mtu akamsikilize mtu mmoja wa nyumbani kwake. Msimchague aliye rahisi. Mchagueni yule ambaye mnajua wenyewe kwamba hapo pana mlima. Hakuna ushauri. Hakuna aya. Hakuna maombi mpaka yeye mwenyewe aombe kuombewa. Mkimaliza, aandike hapa chini kwa mkono wake, kisha atie sahihi. Asiyekuja na karatasi, mafunzo kwake hayajaisha."

Hapo Mama Aya alikumbuka ufunguo wa chumba. Mchungaji wake alikuwa amesafisha stoo iliyo nyuma ya kanisa, akaipaka rangi, akaweka viti viwili na pazia, chumba cha kwanza cha ushauri katika kanisa lao. Alikuwa ametangaza madhabahuni kwamba ufunguo utakuwa wa Mama Aya siku atakapomaliza mafunzo. Kanisa lote lilikuwa limepiga makofi.

"Dada, chukua kabisa na kiberiti," Spana alimwambia mlangoni, akimnyooshea. "Kwa hesabu yangu, wewe utamaliza pakiti nzima."

Mkunga alimfuata nje, akamshika kiwiko. "Mara yangu ya kwanza," alimnong'oneza, "nilipata njiti kumi na tisa. Na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu. Nenda nyumbani, mwanangu. Utajifunza."

---

Mlima wa Mama Aya ulikuwa umekaa mezani ukila kimyakimya.

Alikuwa mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na minne, ambaye tangu utotoni aliitwa Mchungaji kwa sababu alikuwa akihubiria viti. Miaka miwili nyuma, kanisa lilimsindikiza kwenda chuo cha Biblia kwa nyimbo, likamnunulia sanduku na koti jeusi. Miezi minne iliyopita alirudi na sanduku lake katikati ya muhula, akalisimamisha ukumbini, akasema, "Nimeacha." Alipoulizwa kwa nini, alisema amechoka. Koti jeusi hakulivaa tena.

Kanisani Mama Aya alisema kijana yuko likizo. Mwezi wa kwanza watu waliamini. Mwezi wa pili wakaanza kutazamana. Mwezi wa tatu mama mmoja wa kwaya akamuuliza mbele za watu, "Likizo ya chuo gani hiyo, ndugu yangu, na sisi tuwapeleke wa kwetu?"

Nyumbani alikuwa amejaribu kila kitu. Alimpenyezea aya chini ya mlango. Alifunga siku saba. Alimwalika mchungaji wa kanisa kunywa chai bila kumwambia mtoto, kijana akatoka chumbani na kaptura akakuta amezungukwa. Kila mara alijibu kwa adabu, "Ndiyo, mama." Na akiombewa alisema, "Amina, mama," akaondoka zake.

Sasa alipowaeleza mezani habari za karatasi, "Nisikilizwe mimi!" alidakia binti yao wa mwisho, aliyekuwa kidato cha pili na aliyeitwa Kasuku kwa sababu zilizo wazi. "Mama, mimi nina maneno ya kuanzia sasa hivi mpaka Krismasi."

"Wewe nikikusikiliza nusu saa, mimi mwenyewe nitatafuta mshauri."

"Ilete hapa niisaini tule kwa amani," alisema baba watoto, dereva wa basi la wanafunzi, mtu mnene wa vicheko vya tumboni. "Nusu saa kitu gani? Miaka ishirini na sita umenisikiliza."

"Nimekusikiliza lini?"

"Hilo nalo neno," alisema mumewe, na wote wakacheka. Hata Mchungaji aliinua mdomo upande mmoja. Kisha akaichukua sahani yake, akaenda kuiosha, akaingia chumbani.

Jumatatu Mama Aya akaamua kufanya mazoezi na mumewe kwanza. Walikaa uani jioni, jua bado lipo, kiberiti cha Spana kikiwa mapajani mwake. Baba watoto alieleza habari za breki za basi kwa dakika kumi na mbili kamili. Mama Aya aling'ata ulimi. Halafu mumewe akanyamaza. Mama Aya alitaka sana kuujaza ule ukimya, akatoa njiti moja akaivunja vipandevipande. Ndipo mumewe akasema, akitazama viatu vyake:

"Mimi kazini nimeshawaambia. Kwamba mtoto ameacha chuo."

Mama Aya alifungua mdomo. Akaufunga.

"Hakuna aliyekufa," mumewe aliendelea. "Mmoja aliniambia pole, mwingine akaniambia wa kwake naye aliacha udaktari, sasa anafuga kuku na ana raha zake. Basi. Tukaenda kunywa chai." Akamtazama mkewe. "Mimi hii likizo yako inanichosha, mama. Siku watoto wa shule ya Jumapili watakaponiuliza itaisha lini, nitasema nini?"

Mama Aya alipoinuka alikuta amevunja njiti tisa, ila hakuna hata moja iliyokuwa ya kosa.

---

Jumatano akajiona yuko tayari. Mchungaji alikuwa uani akigongelea mguu wa stuli. Mama Aya alijifuta mikono, akavuta kigoda, akakaa mbele yake, karatasi mkono mmoja na kalamu mkono wa pili.

"Mwanangu, leo nataka nikusikilize. Nusu saa. Sitasema kitu."

Kijana aliacha kugonga. Aliisoma karatasi kichwa chini, kutoka alipokaa. Alisoma mpaka mahali palipoandikwa sahihi.

"Kwa hiyo mimi ni homuweki."

"Hapana, baba, si hivyo..."

"Ukinisikiliza wanakupa ufunguo wa kile chumba?"

"Ni utaratibu tu wa mafunzo. Mimi nia yangu..."

"Mama, nimekuuliza tu. Wanakupa, hawakupi?"

"Wananipa," alisema Mama Aya, na kwa vile alishindwa afanye nini na uso wa mwanawe, mdomo ukafanya ulichokizoea: ulitoa aya. Ilikuwa aya nzuri, kuhusu watoto na wazazi, na aliisema yote mpaka mwisho, sura na mstari.

Kijana alisubiri amalize.

"Amina, mama," alisema, akachukua stuli yake na nyundo, akaingia ndani.

Mama Aya alikaa pale na karatasi yake. Kasuku, aliyekuwa dirishani hana hili wala lile, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Baadaye mama aliikunja karatasi mara nne, akaisukumia kwenye droo ya vijiko, nyuma kabisa, akaifunga droo kwa nyonga.

Alipopiga magoti kando ya kitanda, maneno hayakuja. Yeye, ambaye angeweza kuomba tangu chakula kikiwa jikoni mpaka kipoe. Alibaki hapo kwa muda mrefu, paji la uso juu ya blanketi. Mwishowe alisema, "Bwana, nimefungua mdomo huu kwa ajili yako miaka mingi. Sasa nifunge." Akainuka. Hakujua kama hayo nayo ni maombi.

---

Wiki ya pili, Alhamisi, mwenzake wa kukunja hakuja kazini. Alikuwa ameamka na homa.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye joto, mashine mbili za kufulia upande mmoja na moja ya kukaushia upande wa pili, ikiunguruma kama mzee anayelala. Wodi zilikuwa zimejaa. Matroni alitaka shuka kabla ya saa nane. Na shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja. Ni ndefu, utaiburuza sakafuni, na ikigusa sakafu inarudi mashineni. Inataka watu wawili, huyu pembe mbili na yule pembe mbili.

Mama Aya alipiga simu nyumbani akitumaini Kasuku ametoka shule mapema. Ilipokelewa na sauti nyingine.

"Hajarudi. Kuna nini, mama?"

Akaeleza.

"Nakuja mimi," alisema Mchungaji.

Alifika akiwa na fulana iliyopauka, akanawa mikono mpaka viwiko bila kuambiwa. Mama Aya aliliona hilo, akalinyamazia. Akamfundisha kazi: shika pembe, rudi nyuma mpaka inyooke, kung'uta, kunja katikati, njoo, nipe pembe zako, inama ushike mkunjo, rudi tena. Shuka kumi zinafungwa kifungu kimoja. Lazima zihesabiwe kwa sauti, matroni hataki kusikia takribani.

"Moja," alisema kijana.

"Mbili," alisema mama.

Walipofika ya tano mikono yao ilikuwa imezoeana. Walikutana katikati ya chumba, wakaachana, wakakutana.

"Sita," alisema Mchungaji. Halafu, akirudi nyuma na pembe zake, akasema, "Walitupeleka hospitali, mama. Kwa mazoezi. Kutembelea wagonjwa."

Mama Aya akakung'uta.

"Kulikuwa na mzee mmoja, mkewe alikuwa amelala siku tisa hasemi. Saba. Akaniuliza, kijana, wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Wakakutana. Uso wa mwanawe ulikuwa hapo, mkono mmoja tu kutoka wake. Aya tatu zilimpanda Mama Aya kooni kwa mpigo, zikasukumana kama watu mlangoni. Lakini mikono ya kijana ilikuwa tayari inampa pembe, na asipozipokea shuka inaanguka. Akazipokea. Kijana akarudi nyuma.

"Nikampa aya. Nane. Akatikisa kichwa. Nikampa nyingine. Nikaona anataka kulia, nikaogopa, nikamshika mikono nikasema tuombe. Niliomba vizuri sana, mama. Nilipomaliza alinishukuru, akasema amina, akageuza kiti chake akatazama ukuta." Kijana alikaza pembe zake. "Nikiwa naomba nilisikia sauti yako. Kwenye mdomo wangu. Yangu mimi haikuwemo. Niliomba ili nipate kuondoka."

Mashine ilinguruma. Mama Aya alisimama na pembe zake mbili, shuka imening'inia katikati yao. Alitaka kusema nisamehe. Alitaka kusema mimi sikujua. Alitaka zaidi ya yote kujitetea, kwamba aliwaombea watu kwa machozi, kwamba wengine walipona. Alivuta shuka ikanyooka.

"Tisa," alisema.

Kijana alimtazama, akasubiri. Alipoona hakuna kinachokuja, aliendelea kusimulia. Kesho yake alirudi wodini kumwomba yule mzee radhi. Akamkuta mhudumu anahangaika kumgeuza mgonjwa peke yake. Mhudumu akamwambia, wewe kijana wa koti, usisimame kama nguzo, shika bega hilo. Akavua koti, akashika. Wakamgeuza, wakamwosha mgongo. Yeye alishika beseni. Na yule mzee, akiwa amekaa pembeni, akaanza mwenyewe kuzungumza: jinsi walivyokutana, jinsi mkewe anavyochukia chai ya baridi, jinsi asivyojua kitambulisho chake mwenyewe kimewekwa wapi kwa sababu ni mke anayejua. Alizungumza saa nzima.

"Sikusema neno. Kumi na nane. Nilishika beseni tu. Wiki mbili nilienda kila siku, darasani siendi. Wakaniita ofisini. Nikawaambia ukweli, kwamba mimi nadhani kazi yangu iko kule kwenye beseni. Watu wanafikiri nimemwacha Mungu. Na wewe unafikiri. Sijamwacha, mama."

Kitu kilidondoka juu ya shuka ya ishirini na moja, kisha kingine. Mchungaji aliinama akaangalia.

"Mama, unailowesha."

"Naona."

"Hii si ya kurudi mashineni?"

"Irudi," alisema Mama Aya, akajifuta pua kwa bega kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Wote wawili wakaanza kucheka, kicheko kile kinachokuja na machozi hukohuko, mpaka mlinzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Walikunja tena. Shuka kadhaa zilipita hakuna anayezungumza ila namba.

"Yule mama," aliuliza Mama Aya, "aliamka?"

Uso wa kijana ulifunguka kama dirisha. "Aliamka! Siku naondoka alikuwa anamgombeza mumewe kwa shati alilovaa."

"Mungu ni mwema," alisema Mama Aya. Lilimtoka tu, naye akaangalia kushoto kana kwamba Spana yuko pale na kiberiti chake.

Walifika thelathini na tano. Thelathini na tisa. Kijana akamtazama kwa mashaka.

"Mama, mbona husemi kitu? Unaumwa?"

"Nasikiliza."

Akatikisa kichwa, akitabasamu. Ilipobaki shuka moja kwenye kikapu hakuishika. Alisimama na mikono mitupu.

"Mama, niombee."

Katika miaka kumi na moja Mama Aya alikuwa hajawahi kuuliza swali aliloliuliza sasa.

"Nikuombee nini, mwanangu?"

Ikabidi kijana afikiri. "Kuna chuo cha uuguzi. Fomu nimejaza. Iko chini ya godoro tangu mwezi uliopita, na mwisho wa kuipeleka ni kesho. Naogopa."

Mama Aya hakufumba macho. "Bwana," alisema, "mwanao anaogopa. Na mimi naogopa. Kaa nasi. Amina."

"Amina," alisema Mchungaji.

Na hakuondoka. Aliinama, akaitoa shuka ya mwisho kikapuni, akampa mama pembe mbili.

"Arobaini na sita," alisema.

---

Jumamosi Mama Aya alikwenda kwenye mafunzo mikono mitupu. Getini alikutana na yule mama wa kwaya, naye amekuja kuchukua daftari ambalo mtoto wake alilisahau darasani.

"Mama Aya! Na Mchungaji wetu je, likizo bado?"

"Hayuko likizo," alisema Mama Aya. "Aliacha chuo cha Biblia. Jana amepeleka fomu ya uuguzi. Mimi nilikuwa nadanganya, dada. Nilikuwa naona aibu."

Mama wa kwaya alibaki mdomo wazi. Kisha, taratibu, akaweka mkoba wake chini. "Wa kwangu mimi," alisema, "hata kanisani haji. Nasemaga anafanya kazi Jumapili." Wakaangaliana. Mama Aya alimwambia aje Jumanne jioni nyumbani, wakae uani. Hakumpa aya. Alimsaidia tu kuokota mkoba.

Darasani karatasi zilikuwa zinakusanywa kwa shangwe. Mke wa Spana alikuwa ameandika: *Amenisikiliza vizuri. Dakika ya ishirini alisinzia, lakini hizo ishirini zilikuwa tamu.* Darasa lilipiga makofi, Spana akainuka akainama kama mwanamuziki, kiti kidogo kimemng'ang'ania nyuma.

"Mama Aya?" alisema Mkunga.

Aliinuka. "Karatasi sina. Nilimfuata mwanangu nayo mkononi, akaniuliza kama yeye ni homuweki. Nikaiacha. Baadaye alizungumza, nami nikasikiliza, lakini kumfuata tena na kalamu sikuweza." Akashusha pumzi. "Najua utaratibu. Chumba wampe mwingine ufunguo. Mimi nitakifagia, na nitarudia mafunzo. Njiti kumi na moja si mchezo."

Hakuna aliyecheka. Mkunga alikuwa anavua miwani ili aseme neno, mara nje honi ikalia mara tatu, honi ya basi la wanafunzi, ile inayosikika mitaa miwili. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mama, umesahau!" Kasuku aliingia anahema, anapunga karatasi iliyokunjwa mara nne. "Niliitoa kwenye droo ya vijiko, nikamwekea kaka mezani, sikumwambia kitu, baba shahidi, sikumwambia kitu kabisa!"

Nyuma yake alikuwa baba watoto, akijifuta jasho, na nyuma yao, mlangoni, Mchungaji, amesimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Mkunga alipokea karatasi, akaisoma kimya. Akaisoma tena. Akamtazama kijana. "Nisome kwa sauti?"

Kijana aliitikia kwa kichwa.

"'Muda,'" alisoma Mkunga. "'Saa sikuangalia. Nilianza shuka ya sita, tukamaliza ya arobaini na sita: shuka arobaini na moja. Hakuniombea mpaka nilipomwomba. Alilia juu ya shuka moja, ikabidi ifuliwe upya.' Na sahihi ipo."

Kelele zilizofuata zilitikisa picha za wanyama ukutani. Baba watoto alipiga vigelegele, jambo ambalo mkewe hakuwahi kumsikia akilifanya, na hakulifanya vizuri. Mwalimu wa chekechea alikuwa anapiga makofi na kulia kwa pamoja. Mkunga alipitisha ile karatasi mkono kwa mkono, kila mshauri aishike.

Moyo wa Mama Aya ulifurika mpaka pomoni. Aliinua mikono yote miwili, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Tuo..."

Sauti ndogo ya kiberiti kinachofunguliwa ilisikika upande wa kulia.

Akafumbua jicho moja. Spana, na kiberiti kipya mkononi, alikuwa ameshika njiti hewani, amejaa heshima.

Mama Aya alicheka mpaka akajishika mbavu. Akaketi kwenye kiti chake kidogo, magoti kifuani, akakivuta karibu na cha mwalimu wa chekechea mpaka vikagusana.

"Mwenzangu," alisema, "wewe nilikukatiza. Ulifika mahali dada yako hapokei simu. Endelea."

Mwalimu alijifuta macho. Alitazama dirishani, akatazama mikono yake, akakaa hivyo kitambo. Mama Aya akasubiri.

Spana akairudisha njiti, akakifunga kiberiti, akakitia mfukoni.